Kichuri cha Serikali

Kwetu Suguti ng'ombe wapo, lakini heshima ni ya samaki. Mtu akikuthamini anakuletea sato, tena na kichwa chake. Mimi nimeolewa Butiama, kwa watu ambao sato kwao ni chakula cha mgonjwa na dagaa ni chakula cha kuku. Baba mkwe wangu alipoambiwa kwamba mwanawe anaoa mtoto wa ziwani, hakuuliza kama nina tabia nzuri wala kama ninasali. Aliuliza, "Anajuaga ng'ombe huyo?" Mume wangu akamjibu kwa furaha kwamba nimesomea mifugo na kila siku kazi yangu ni ng'ombe. Mzee akaridhika, mahari ikajadiliwa, nikaolewa.

Ridhaa hiyo iliisha siku alipoielewa kazi yenyewe. Ninazunguka kwenye machinjio ya Musoma, Bunda na Butiama nikitafuta bakteria wanaoweza kumdhuru binadamu ndani ya ng'ombe waliochinjwa. Hiyo ni lugha ya ofisini. Kwa lugha ya baba mkwe, ninachokora mavi ya ng'ombe aliyekwisha kufa. "Serikali inamlipa kuangalia mavi," alimwambia jirani yake, nami niko jikoni nasikia. "Sisi tumeyaangaliaga bure tangu tuzaliwe."

Tangu hapo hakula chakula nilichopika. Si mila, ni yeye tu. Nikienda kuwasalimu, napika kuku, ninamkabidhi mama mkwe, mama mkwe anapeleka. Inasikika sauti kutoka nje: "Nani amepika?" Kisha: "Nimeshiba." Mtu ametoka malishoni tangu asubuhi, ameshiba nini, upepo? Nilikuwa naumia, na mimi nikiumia huwa nakasirika, na nikikasirika naosha sufuria kwa kelele. Sufuria za ukweni zilikuwa zinang'aa kuliko za mtu yeyote pale kijijini.

Kumuuliza sababu nisingeweza. Kwao mkamwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai benchi moja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa fumbo. Nikiwa na shida naye nampitishia mama mkwe. Yeye akiwa na shida nami anaongea na ukuta, mimi nasikia, ukuta unakaa kimya.

Sasa, siku yenyewe. Nilikuwa machinjioni Bunda tangu alfajiri. Wachinjaji wa pale wananifahamu na kunitania. "Daktari amekuja kutufungia biashara," mmoja husema, na mwenzake hujibu, "Muache, hata mavi yanahitaji daktari." Kipindi kile tulikuwa tunachukua kipande cha utumbo mwembamba wa kila ng'ombe, tunakifunga kwa uzi huku na huku, ndipo tunakata, ili kilichomo kibaki humo humo mpaka maabara. Ukikifungua pale pale machinjioni, nzi wote wa Bunda wanaingia kwenye utafiti.

Asubuhi hiyo aliletwa fahali kutoka upande wa Guta, mnene, manyoya yanateleza, na wachinjaji wakamsifu kama bwana harusi. Mimi ng'ombe mnene hanipumbazi. Bakteria ninaowatafuta wanaweza kukaa kwa ng'ombe bila kumsumbua hata kidogo, wanamngoja mtu. Nilipangusa utumbo wake kwa pamba, nikaitia pamba kwenye kichupa. Kisha nikafunga kipande kirefu cha utumbo, mafundo imara, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaandika namba ya sampuli kwa kalamu nene. Vyote vikaingia kwenye sanduku la barafu, sanduku likafungwa nyuma ya pikipiki ya ofisi.

Nilipitia Butiama kuchukua sampuli za machinjio ya pale. Nikiwa natoka, mnyororo wa pikipiki ukakatika. Jua lilikuwa linachoma, barafu ilikuwa inayeyuka, na nyumbani kwa wakwe ni karibu, kuna friji ambayo mama mkwe anauzia soda. Nilikokota pikipiki hadi hapo, nikapiga goti, nikaamkia.

"Mama, naomba niweke hiki kitu cha ng'ombe kwenye friji yako kisiharibike. Naenda kwa fundi, narudi sasa hivi."

"Weka, mwanangu, weka," akasema, na uso wake ukachanua. Nikafikiri amefurahi kuniona.

Hapa inabidi nieleze kichuri, kwa wale ambao Mungu hajawafikisha Mara. Ndani ya utumbo mwembamba wa ng'ombe mna majimaji ya kijani, majani yaliyokwisha kusagika lakini bado hayajawa mavi. Yanakamuliwa, yanachujwa, yanachemshwa na nyongo kidogo, chumvi na pilipili, na nyama choma huchovywa humo. Wapo watu wazima wenye akili zao wanaotoka wilaya moja kwenda nyingine kufuata kichuri kizuri. Mimi sili, kwa sababu nimefahamiana nacho mno kwenye darubini.

Na kichuri cha zawadi hubebwaje? Kinabebwa ndani ya utumbo wenyewe, umefungwa kwa uzi huku na huku. Mkamwana mwenye adabu hatangazi kwamba amemletea baba mkwe zawadi. Atapiga goti, atakitaja kitu chenyewe kwa mbali, ataomba kihifadhiwe, halafu ataondoka ili wenye nyumba wakifungue bila yeye kuonekana anangoja shukrani. Kwa maneno mengine, kila nilichofanya mchana ule nilikifanya sawasawa kabisa. Hata mnyororo ulikatika kwa adabu.

Fundi alinichelewesha, kama kawaida ya mafundi. Niliporudi nilianza kunusa nyama choma kutoka njiani, nikajua kuna sherehe. Baba mkwe alikuwa uani kwenye kigoda chake, pamoja na yule jirani yake. Katikati yao palikuwa na bakuli. Baba mkwe alichovya pande la nyama, akalitia mdomoni, akafumba macho.

Nilikwenda jikoni nikakuta sanduku langu wazi. Vichupa vya pamba vilikuwepo vyote, vimepangwa vizuri. Mfuko wa nailoni ulikuwa umeoshwa na kuanikwa.

"Mama! Ule utumbo!"

"Yaani leo umeniheshimisha!" mama mkwe akasema, anafuta jasho kwa kanga. "Hivyo vichupa niliviacha, nilijua ni dawa zako. Na ile namba uliandika, nikasema, jamani, huyu mtoto ameinunua kwa bei kubwa!"

Nikamwambia kwamba ule utumbo ulikuwa wa maabara, kwamba bado haujapimwa. Alinitazama kidogo, akacheka, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu. "Maabara watapata ingine. Msikilize mzee kwanza."

Kutoka nje, baba mkwe alikuwa anaongea na ukuta. "Huyo ambaye ameleta hii kitu," akauambia ukuta, polepole ili nisikose neno, "anajuaga ng'ombe."

Sitadanganya, moyo wangu uliruka. Miaka yote ile nilikuwa naisubiri sentensi hiyo, na imekuja mzee akiwa anakula utafiti. Nikamuuliza mama mkwe kwa sauti ndogo kama alikichemsha vizuri.

"Mimi huwa nachemshaga sana, anagomba. Eti naua utamu. Leo amekuja mwenyewe mpaka hapa mlangoni, akasema epua, epua."

Ng'ombe wengi hawana kitu, nilijiambia njia nzima kurudi Musoma. Wengi kabisa wako safi. Asubuhi iliyofuata niliwahi ofisini na vichupa vyangu. Bosi wangu ni mama asiyecheka, hata kwenye picha ya harusi yake hakucheka. Alikagua sanduku akainua nyusi.

"Utumbo wa fahali wa Guta uko wapi?"

"Umeliwa."

"Na panya?"

"Na baba mkwe."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mbichi?"

"Nusu, bosi."

Pamba ya fahali yule tuliiotesha pamoja na nyingine. Kuotesha bakteria hakuna tofauti na kuotesha mbegu: unawapa chakula na joto, unangoja waonekane. Sahani tunayotumia ina chakula chekundu, na bakteria wengi wakiota humo wanakigeuza kuwa njano. Siku chache baadaye, sahani nyingine zilipofunguliwa zilikuwa njano tupu, tukashukuru. Ya fahali wa Guta ilibaki nyekundu, na juu yake vilikuwa vimeota vidoa vyenye kitovu cheusi, vimekaa vinanitazama kama macho ya dagaa. Tulirudia kwa vipimo vingine, jibu likawa lile lile. Ilikuwa salmonela. Nikakaa kwenye ndoo.

"Vijana wanaharisha, wanapona," bosi alisema. "Kwa mzee, wakati mwingine bakteria wanaingia kwenye damu, na hapo ni hatari. Ana umri gani?"

"Haujulikani. Anasema alizaliwa mwaka wa nzige."

"Basi ni mzee. Apelekwe kituo cha afya, na kinyesi chake kipimwe. Leo."

Nikampigia mama mkwe. Akasema baba hajambo kabisa, ila siku hizi anashinda kule bondeni na ng'ombe, hata chakula anapelekewa huko, sijui amependa nini. Nikapumua. Bosi hakupumua. Alinisukumia vikopo viwili vya plastiki vyenye kifuniko na akaonyesha mlango.

Nyumbani kwetu Kigera, pale Musoma, nilimkuta mume wangu anakunywa chai. Nikamweleza yote, nikamwomba amwambie baba yake.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba atoe choo kidogo, kwenye kikopo."

Aliweka kikombe chini taratibu. Huyu ni mwanamume aliyewahi kuua chatu kwa jembe. "Mke wangu," akasema, "omba kitu kingine."

Mama mkwe naye, niliyempigia tena akiwa njiani kwenda msibani, alikataa, kwa sababu mzee angeuliza nani ametuma, na jibu lingekuwa mimi, na aibu ya jibu hilo ingekaa kwenye ukoo mpaka wajukuu. Alibaki mtu mmoja tu, yule jirani. Wao wawili walitahiriwa siku moja, na watu wa rika moja kule hawafichani kitu. Wanatukanana mpaka wageni wanainuka kuondoka, halafu wanagawana ugoro. Tena yeye mwenyewe alikula bakuli lile lile, kwa hiyo kikopo cha pili kilikuwa chake.

Nilirudi Butiama, nikamkuta karibu na mashine ya kusaga, amekaa kwenye gunia. Nilimpigia goti, nikamweleza kwa maneno ya kuzungukazunguka, tumbo, chakula, vipimo, mpaka akanishika mkono.

"Ngoja, mwanangu. Unataka mavi ya mzee wako?"

"Samahani, baba. Ndiyo. Na ya kwako."

Alicheka mpaka akateleza kwenye gunia. Nilimsihi aende kumwambia kwa siri. "Siri kabisa," akasema, akajikongoja hadi ukingoni mwa barabara ambako bonde lote linaonekana, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka Kiabakari:

"Weee! Mkamwana wako anataka mavi yako! Ile kichuri ilikuwaga ya serikali! Serikali inaitaka irudi!"

Mashine ya kusaga ilizimwa. Wanawake walitoka na unga usoni. Mwendesha bodaboda mmoja aliegesha kabisa, akakaa vizuri. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie, lakini ardhi ya Butiama ina mawe.

Baada ya muda tulimwona baba mkwe anapanda kutoka bondeni, na fimbo yake, na koti lake la misibani. Alikuwa amekonda. Suruali ameifunga kwa kamba ya katani, na kila hatua chache alikuwa anasimama kama mtu anayetazama mandhari. Kicheko kikapungua pale mashineni, na aibu yangu ikageuka kuwa woga mtupu. Alisimama mbali nami kama adabu inavyotaka, akaiuliza mashine ya kusaga, "Kituo kimefunguliwa?"

Kwenye pikipiki yangu asingeweza kupanda, tungegusana. Alipanda bodaboda, rafiki yake akapanda nyuma yake, mimi nikafuata nyuma yao polepole, na kila waliposimama ghafla na mzee akaingia nyuma ya kichaka, mimi pia nilisimama na kutazama upande mwingine. Tulisimama sana.

Tabibu wa zamu alikuwa binti mchangamfu mwenye sauti ya mnadani. "Mzee, unaharisha?" akauliza kabla hata hatujakaa.

Baba mkwe alitazama dari. "Mkwe yupo," akasema.

Nikatoka mbio. Nilisimama ukutani nje, chini ya dirisha. Haikuwa adabu, najua, ila dirisha lilikuwa la vioo vya kupangwa na viwili vimevunjika, na mimi nilikuwa na haki ya kujua kama nimemuua baba wa mtu.

"Umeanza lini?"

"Tangu ile siku."

"Siku gani?"

"Ya kichuri."

"Mzee! Siku zote hizo! Mbona hukuja?"

Nikasikia kiti kinalia.

"Ningekujaje? Ningekuja, ungeniuliza nimekula nini. Ningesema kichuri. Ungeniuliza nani ameleta." Akakohoa. "Unawajua watu wa hapa, mwanangu. Wangesema huyo mtoto wa ziwani ameniwekea kitu. Wangemrudisha kwao. Ameniletea zawadi siku moja tu tangu aje kwangu, halafu mimi niende kulala hospitali? Nikasema acha niende bondeni na ng'ombe. Ng'ombe hawaongeagi."

Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Mtu niliyekuwa nasugulia sufuria kwa hasira alikuwa amejificha kwenye vichaka, na umri wake ule, anaharisha peke yake ili nisitukanwe. Nililia pale ukutani, kamasi na machozi, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanipa pole ya msiba.

Walimpa dripu, na dawa, na kikopo kilijaa bila taabu yoyote. Kipimo baadaye kilionyesha kilekile tulichokiona kwa fahali. Kwenye damu bakteria hawakuwa wameingia. Rafiki yake, aliyekula mabonge makubwa zaidi, alikutwa mzima kabisa, akadai apewe cheti cha serikali kuthibitisha tumbo lake, na mpaka leo anasema amedhulumiwa.

Jioni ile, dripu ilipokwisha, tabibu alitoka naye hadi barazani. "Nyama marufuku kwanza, mzee. Maji mengi, na uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Uanze leo leo."

"Mama yao yuko msibani," baba mkwe akasema. "Nani atapika?"

"Si huyo hapo mkweo?"

Aliutazama ukuta wa kituo cha afya, ukuta mgeni ambao alikuwa hajawahi kuongea nao.

"Apike," akauambia.

Sijui niliendeshaje pikipiki. Nilifika nikawasha moto, nikakoroga uji wa ulezi mwepesi, nikaonja, nikauchemsha tena, nikauchemsha tena, kwa sababu safari hii hakuna mtu angeniambia epua. Aliletwa na bodaboda, akakaa kwenye kigoda chake uani, amenipa mgongo. Niliweka kikombe kwenye stuli pembeni yake, nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikasimama na sufuria mkononi nikingoja kuambiwa ameshiba. Alikinyanyua, akapuliza, akanywa taratibu mpaka kikaisha. Halafu, bila kugeuka, alikinyoosha kikombe kitupu nyuma ya mgongo wake kuelekea nilipokuwa, akakishikilia hapo hewani, mpaka nilipofika na kumwongezea.